Funguo Mbili, Mkono Mmoja

"Ufunguo upi, shemeji?"

Ndivyo alivyojibu Majaliwa, msomaji wangu, tena kwa tabasamu. Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujafika hapo, basi shika hili upesi. Mwahija alikuwa ametoka eda juzi yake tu. Alikuwa amesimama ndani ya Nyumba ya Amana pale Shinyanga, benki aliyoianzisha marehemu mumewe, Bashiri, akidai ufunguo wake. Na mdogo wa marehemu, aliyekalia kiti cha marehemu, anamuuliza ufunguo upi!

"Wa kasha, Majaliwa. Niliufungua kwenye pindo la kanga nikampa mkeo Zuwena akuletee. Nilikuwa nyuma ya pazia, matanga hata hayajaanuliwa."

"Zuwena hakuniletea kitu."

Mwahija aliutazama mlango, akaitazama mikono ya shemeji yake, akaona dunia inamzunguka.

Maana kasha lile la chuma lilikuwa na kufuli mbili, na Bashiri ndiye aliyetaka iwe hivyo. "Fedha za watu hazikai mfukoni mwa mtu mmoja," alikuwa akisema, "hata mtu huyo akiwa mimi." Ufunguo mmoja aliushika yeye, wa pili aliushika Majaliwa, karani wake. Kila Alhamisi baada ya alasiri waliingia wote wawili pamoja na Mzee Makoye, tajiri wa ng'ombe, ambaye wenye amana walimchagua awe jicho lao. Mifuko ilifunguliwa mmoja mmoja, ikamwagwa mkekani, ikafungwa tena. Wapo walionuna wakisema huko ni kuitana wezi. Bashiri aliwajibu anayenuna na anune.

Kisha Bashiri akafa kwa homa, ufunguo wake ukabaki kwa mjane.

Na mjane wa Kiislamu, wote tunajua, hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki, wala haonani na wanaume wa kando. Zuwena akapenya pazia na sauti ya huruma: "Shemeji yako anaomba ule ufunguo, dada. Watu wanataka fedha zao, na wewe kutoka huwezi." Nani angekataa? Mwahija alitoa. Funguo mbili zikalala mfuko mmoja, na mji mzima wa Shinyanga hakuna aliyeuliza. Wote waliona kutouliza ni heshima.

Sasa Majaliwa akaangua kicheko. Alitia mkono kanzuni, akautoa ufunguo, akauning'iniza kwa kidole.

"Nakutania, shemeji! Loo, umekuwa mweupe kama umeona jini."

"Wewe si mtani wangu," Mwahija alisema. "Wewe ni mdogo wa mume wangu. Lete."

"Nitakupa, haraka ya nini?" Aliushusha ufunguo mezani, lakini kiganja akakiweka juu yake. "Eda imekwisha. Mila yetu unaijua. Kaka akifa, mdogo hamwachi mjane anahangaika. Nikurithi mimi, ufunguo ukae nyumba moja, wewe upumzike."

"Unirithi mimi au urithi kasha?"

Majaliwa alikikaza kiganja juu ya ufunguo. Huko nje lori lilikuwa limefunga breki kwa kishindo na vumbi likaingia hadi dirishani. Sauti ya mwanamume ikapaa juu ya kelele zote za sokoni.

"Yuko wapi Majaliwa? Leo atanilipa au tutazikana!"

Mwahija alikimbilia dirisha. Juu ya lori, katikati ya magunia ya pamba, alisimama kijana mmoja mpana wa mabega, tope limemkaukia hadi kiunoni. Jina lake Nkwabi, mchimba dhahabu wa Nyarugusu. Watu wa soko walikuwa wamekwisha mzunguka, na msimu ule wa pamba soko lilikuwa limefurika.

"Sikilizeni!" Nkwabi alipaza. "Shimo la huyu bwana wa benki limejaa maji! Alituambia pampu inakuja, haikuja. Mshahara unakuja, haukuja. Mzungu mwenye leseni kafunga mizigo, kapita Mwanza, kapanda meli. Tumeponea chupuchupu, tumepanda kwa kamba kama nyani! Nani atanilipa mimi?"

"Shimo gani la benki?" mtu aliuliza.

"Lipo moja tu! Huko Nyarugusu kila mtu analiita Shimo la Amana!"

Yarabi! Hebu fikiria, msomaji, umeweka fedha zako za mwaka mzima mahali, halafu unasikia mahali hapo pamekuwa shimo, na shimo lenyewe lina maji. Sokoni watu walitua mizigo yao. Kisha watu wakaanza kutembea kuelekea baraza la benki, halafu wakaanza kukimbia.

Na aliyekuwa tayari barazani, wa kwanza kabisa, amekaa tangu asubuhi na kapu lake, alikuwa Apolonia.

Huyu Apolonia, Mama Mihayo, ndiye aliyemfanya Mwahija akauke mate. Alikuwa Msukuma wa Samuye, mama wa watoto sita, sauti yake inasikika kijiji cha pili. Mwahija kwao ni Uzigua, na Mzigua na Msukuma ni watani tangu enzi za misafara. Kila walipokutana walitukanana mpaka wapita njia wakasimama kucheka. Nzige walipomaliza mtama wa Samuye, Apolonia na mumewe waliuza ng'ombe wao kabla hawajakonda wakafa. Fedha walitaka kuzifukia chini ya jiko. Mwahija ndiye aliyemwambia, "Mtumwa wangu wewe, panya watazila hizo! Leta kwetu. Kwa neno langu, siku utakayozitaka utazipata." Apolonia alileta kwa neno hilo.

Leo alizitaka. Behewa la mtama lilikuwa limefika stesheni asubuhi ile, linauzwa hapo hapo, na nyumbani Samuye hapakuwa na hata punje. Asipopata fedha zake leo, watoto wake hawana chakula. Mwahija alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Umezitia shimoni," alimwambia Majaliwa. "Fedha za watu umezitia shimoni!"

"Zangu! Zangu na za rafiki zangu, siyo za amana. Wallahi tena! Dhahabu imepanda bei dunia nzima, nani asingejaribu? Nimejaribu kwa changu, nimekosa, basi."

"Nani alikuangalia ukitoa?"

"Mimi mwenyewe."

"Na nani alikagua ulichotoa?"

"Mimi mwenyewe, shemeji. Wewe ulikuwa ndani. Ningekwenda kwa nani?"

Mlango ulifunguliwa. Aliingia Mzee Makoye, fimbo mkononi, anahema. Nyuma yake watu walikuwa wanasukumana, na askari mlinzi wa benki alifaulu kwa shida kuurudisha mlango.

"Shikamoo, mzee," Mwahija alisema, maana hata nyumba ikiungua adabu haiachwi.

"Marahaba, mama. Pole na eda."

"Mzee, kila Alhamisi ulikuwa unafungua kasha na marehemu. Alhamisi hizi zote nilizokuwa ndani, nani alifungua?"

Mzee Makoye aliitazama fimbo yake. Alikuwa mtu mwema, tena tajiri wa ng'ombe wasiohesabika, na hajawahi kula senti ya mtu. Ubaya wake ulikuwa huo wema.

"Nilikuja, mama. Bwana Majaliwa akaniambia, 'Ufunguo wa pili ni wa mjane, na mjane yuko eda. Tukifungua bila yeye tutakuwa tumempora marehemu.' Nikaona kweli. Sasa nije kwako niulize habari za fedha, matanga hayajapoa? Watu wangenionaje? Akanikaribisha chai na vitumbua, nikanywa, nikaondoka."

"Kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi."

Mwahija alitamani kulia na kucheka. Ufunguo wenyewe ulikuwa kanzuni mwa Majaliwa wakati mzee akinywa ile chai! Mzee aliogopa kumuudhi mjane, mjane aliogopa kuivunja eda, na katikati ya woga huo mzuri alikaa mtu mmoja asiyeogopa kitu.

"Mliniheshimu, mzee," alisema. "Mmeniheshimu mpaka mmeniua."

"Hakuna aliyekufa!" Majaliwa aliingilia. Alikuwa amesimama, uso umemlowa jasho, lakini ulimi ulikuwa mkavu na mwepesi. "Mnataka kuona? Njooni muone. Funguo hizi hapa."

Aliingiza ufunguo wa kwanza, akauzungusha. Akampa Mwahija wa pili. Mwahija aliuzungusha, kufuli ikalia, mlango mzito wa kasha ukafunguka.

Mifuko ilikuwepo.

Msomaji, ilikuwepo! Mifuko ya kitambaa cha merikani imepangwa safu juu ya safu, imejaa, imenenepa, kila mmoja umefungwa kamba ya katani mdomoni. Na fundo lile Mwahija alilijua. Lilikuwa fundo la mkono wa Bashiri, lenye masikio mawili na mkia mmoja. Ndilo alilofungia mizigo tangu walipooana, alilofungia hata kanga za harusi yao. Hakuna mtu mwingine Shinyanga nzima aliyefunga hivyo.

"Hii ni akiba," Majaliwa alisema kwa upole. "Wanaotoa na kuweka nawatumikia kwa fedha za juu juu, hizo za mezani. Hii ya kaka sijaigusa tangu alipoifunga. Nimeiacha na fundo lake kwa heshima yake."

Mwahija alinyoosha kidole akaligusa fundo. Machozi yalimtoka bila kuombwa. Miezi yote ile ndani ya pazia hakuwa amegusa kitu ambacho mumewe alikifunga kwa mikono yake.

"Tufungue mmoja," alisema, lakini kwa sauti ndogo.

Mzee Makoye alirudi nyuma. "Kufungua fundo la marehemu? Mbele ya mjane wake? Mimi mkono wangu hauendi, mama. Mifuko si tunaiona?"

Na Mwahija, lazima tuseme kweli hata kama inauma, alishukuru. Hakutaka fundo lile lifunguliwe. Alitaka lishinde pale, limsubiri. Laiti angekumbuka kwamba Bashiri mwenyewe alikuwa akiyafungua mafundo yale kila Alhamisi bila huruma! Angefufuka saa ile, angewachapa bakora wote watatu.

Nje mlango ulianza kupigwa kwa mawe.

"Wasikie hao," Majaliwa alinong'ona. "Leo wakitaka wote kwa mara moja, benki inakufa hata kama ni nzima. Hakuna benki duniani inayoweza kumlipa kila mtu kwa siku moja. Lakini wakienda nyumbani wakalala, kesho ni salama. Mimi hawanisikii tena. Wewe watakusikia. Toka, sema ulichokiona."

Mwahija alijipangusa uso, akajitanda ushungi vizuri, akatoka.

Baraza lote lilikuwa vichwa. Nkwabi alikuwa ameshuka lorini na bado anapayuka. Walipomwona mjane wa Bashiri, mara ya kwanza tangu msiba, walinyamaza. Wengine walivua kofia.

"Nimetoka eda," Mwahija alisema. "Nimelifungua kasha kwa mkono wangu. Mifuko ipo na fundo la Bashiri liko palepale. La Nyarugusu ni la Majaliwa na rafiki zake, yeye na huyu kijana watamalizana. Amana zenu zipo."

Mnong'ono ulipita. Kuna waliotikisa kichwa kukubali, kuna waliobaki wamekunja ngumi. Majaliwa, nyuma ya mlango, alinong'ona tena: "Yule rafiki yako. Akibaki yeye, wote watabaki. Mwambie."

Mwahija alimtazama Apolonia, na Apolonia akamtazama yeye.

"Mtani," Mwahija alisema mbele ya watu wote. "Wewe unaniamini?"

"Nikuamini wewe, Mzigua?" Apolonia alisimama na kapu lake, akashika kiuno. "Babu zenu waliibia babu zangu mpaka chumvi ya safarini!"

Watu walicheka. Ah, kicheko kile kilikuwa kitamu, kilishusha mabega ya baraza zima. Lakini Apolonia alisogea karibu, akaishusha sauti.

"Mayo wane, mama yangu wee, mwenzio mtama wa stesheni unaisha leo. Watoto wanakula mizizi. Nipe hata nusu."

Hapa ndipo palikuwa pa kusema "ingia, chukua." Kasha lilikuwa wazi. Lakini akilipwa mmoja, wa pili angetaka, na wa tatu, na mlango ungevunjwa. Mwahija alihisi macho ya mji mzima usoni kwake.

"Lala leo, Mama Mihayo. Nisitiri leo tu. Kesho asubuhi nitakupa zote kwa mkono wangu huu, na gunia moja la juu nitanunua mimi."

Apolonia alitazama upande wa stesheni. Kisha akapekua kapuni, chini ya mboga, akatoa kitambaa chenye fungu la shilingi. Yalikuwa malipo ya pamba yake, ameyapata asubuhi ileile, hata gunia moja hayafiki.

"Basi na haya weka," alisema kwa sauti kubwa ili wote wasikie. "Kama ya ng'ombe yamelala salama, na ya pamba yalale hapo hapo. Ukinidhulumu, mtumwa wangu, nitakuuza Tabora!"

Baraza lilishangilia. Mwanamume mmoja aliyekuja kutoa, naye akaweka. Kisha mwingine. Nkwabi peke yake ndiye aliyetema mate chini.

"Mnatia fedha kwenye maji," alisema. Walimzomea mpaka akaondoka.

Na hapo Majaliwa alitoka nje na kanzu yake nyeupe, funguo zote mbili amezishika juu wazionekane.

"Wazee na akina mama! Ili kila mtu aridhike, leo mbele yenu namkabidhi mjane wa kaka yangu funguo zote mbili. Kuanzia saa hii, mwenye kasha ni yeye. Mzee Makoye, wewe ni shahidi!"

"Ni shahidi!" Mzee Makoye alisema, amefurahi kama bwana harusi.

Vigelegele vikapigwa. Mwahija alipokea funguo, moja kwa mkono wa kulia, moja kwa wa kushoto. Alijisikia, Mungu amsamehe, fahari. Hakukumbuka kwamba ufunguo wa pili haukutakiwa kuwa wake, kwamba kosa lilikuwa hilo hilo, limehamishwa tu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Nakwenda stesheni," Majaliwa alisema, akikusanya fungu la fedha za siku ile mkobani. "Gari moshi la Tabora linapita alasiri. Nina mgeni wa kupokea. Hizi nitaziandika nikirudi."

Akaondoka kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

Adhuhuri ilipita. Watu walikwenda zao. Mwahija alibaki na Mzee Makoye, wanakunywa chai, wanaongea habari za marehemu. Gari moshi lilipiga honi, likaondoka. Majaliwa hakurudi.

Mlango wa nyuma ndio uliofunguka. Aliingia Zuwena, mke wa Majaliwa, kichwa wazi, macho yamevimba.

"Dada, amekwenda."

"Amekwenda wapi?"

"Na gari moshi. Amechukua sanduku la nguo, na saa ya ukutani. Amesema nimsubiri. Nimsubiri mimi na watoto watatu tunakula nini?" Alianguka magotini. "Dada, nisamehe. Geuza mfuko."

"Mfuko gani?"

"Wowote. Fundo usiliguse. Geuza uangalie chini."

Mwahija hakuelewa, au hakutaka. Alifungua kasha kwa funguo zote mbili, akauvuta mfuko mmoja, akaulaza kifudifudi. Mshono wa chini ulikuwa umefumuliwa na kushonwa upya, kwa uzi mweusi wa magunia. Mzee Makoye alitoa kisu chake cha kuchunia ngozi, akakata.

Vilimwagika vigae vya vyungu. Vigae, na kokoto za reli, na nati za lori.

"Vyungu ni vyangu," Zuwena alisema kwa kwikwi. "Alinivunjisha vyote, na mifuko akanishonesha. Akasema fundo tusiliguse, mjane akiliona hatalifungua. Alisema hivyo hivyo, dada. 'Namjua, hatalifungua.'"

Wakakata wa pili na wa tatu. Vigae. Mzee Makoye aliketi sakafuni, mzee mzima, akashika kichwa chake kwa mikono miwili, akaanza kutaja majina ya watu wa kijijini kwake aliowashauri walete.

Na Mwahija? Mwahija alikitazama kidole chake. Hakumchukia Majaliwa peke yake. Alijichukia mwenyewe, kwa kidole chake kilichogusa fundo kikaridhika. Alimwona Apolonia amesimama barazani anaomba nusu. Nusu tu! Na kasha lilikuwa wazi, na pale mezani, kabla Majaliwa hajazikusanya, fedha halali za siku ile zilikuwa zinatosha gunia la mtama.

Basi mlango wa mbele ukagongwa. Haukugongwa kwa mawe. Uligongwa kwa mahadhi ya ngoma, na sauti za wanawake zikasikika zinaimba Kisukuma.

"Mtani!" Ilikuwa sauti ya Apolonia, imejaa kicheko. "Fungua, mvivu wewe! Nimekuletea wenzangu!"

"Usifungue," Zuwena alisihi. "Watatuua."

Mwahija alifungua.

Barazani walisimama wanawake wa Samuye, kundi zima, waliokuja mjini na waume zao kuuza pamba. Kila mmoja ameshika kifundo chake cha fedha, wengine wamekitoa kifuani, wengine wamekifungua pindoni. Mbele yao Apolonia, amejifunga kanga kiunoni, anang'aa kwa jasho na furaha.

"Walikuwa wanaogopa," Apolonia alisema. "Nikawaambia, mimi nimeacha yangu yote, na mjane ameniahidi kwa mkono wake. Haya, pokea! Ila usizile, tumbo la Mzigua halina mwisho."

"Rudini nyumbani," Mwahija alisema. "Fedha hazipo."

Wanawake walicheka.

"Msikieni!" Apolonia alipiga kofi. "Sasa na yeye ameanza! Nilimtania asubuhi, ananilipa jioni!"

"Mama Mihayo, sitanii. Kasha ni tupu. Majaliwa amekimbia."

"Amekimbia na wewe amekuacha kwa sababu unanuka!" Kicheko kilizidi. Mwanamke mmoja alikwisha nyoosha mkono, anamtilia fedha kiganjani.

Mwahija aliusukuma mkono ule. Aliingia ndani, akarudi amekumbatia mfuko uliochanwa, akaumwaga wote miguuni pao.

Vigae vilibingirika hadi kwenye vidole vya Apolonia. Kicheko kilikatika kimoja kimoja, wa mbele kwanza, wa nyuma mwisho.

Apolonia aliinama, akaokota kigae kimoja, akakigeuza huku na huku.

"Na yangu ya ng'ombe?" aliuliza.

"Hayapo."

"Na ya pamba? Ya leo asubuhi?"

"Amekwenda nayo. Mtani wangu, nisamehe, nilidhani..."

"Nimepita stesheni sasa hivi," Apolonia alisema, bila kumsikiliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, Mwahija hakuwahi kuisikia ndogo hivyo. "Mtama umekwisha. Wanafagia behewa. Nilikuwa na fedha mkononi asubuhi, nikakupa wewe."

Mwahija alitaka kumshika mkono. Apolonia alirudi nyuma.

Watu walikuwa wanaanza kukusanyika tena kutoka pande zote za soko. Katikati yao walipenya askari wawili wa boma, kofia nyekundu vichwani, mmoja ameshika pingu.

"Bwana Majaliwa alipita bomani kabla ya gari moshi," askari mwenye pingu alisema. "Amemwambia Bwana Shauri, mkuu wa boma, kwamba amana za watu zimeibwa, na kwamba yeye kasha hana tena mamlaka nalo, amelikabidhi hadharani mbele ya shahidi. Shahidi ni nani?"

Mzee Makoye alijikokota hadi mlangoni. Machozi yalikuwa yanamtiririka ndevuni.

"Ni kweli alikabidhi," alisema. "Ila..."

"Inatosha."

"Haitoshi!" Mwahija alipiga kelele. "Muulizeni mkewe! Zuwena ndiye aliyeshona mifuko, atawaeleza yote. Zuwena!"

Aligeuka. Chumba kilikuwa kitupu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kipande cha mfuko chenye uzi mweusi wa magunia kimeachwa sakafuni.

"Basi mwenye funguo ni nani?" askari aliuliza umati.

Hakuna aliyejibu. Bado walikuwa wanamheshimu. Mwahija alimtazama Apolonia, na kwa macho alimwomba aseme neno lolote, hata tusi, hata lile la chumvi ya safarini, ili ajue kwamba bado ana mtu mmoja duniani.

Apolonia alinyoosha mkono ulioshika kigae.

"Ni huyu."

"Anaitwa nani? Unamfahamu?"

"Muulize mwenyewe," alisema Apolonia, akajifunga kanga upya, akashuka barazani kuwafuata wanawake wa Samuye. "Mimi huyu simjui."